Kuishi na VVU: Namna ya Kupanga Dawa, Moyo na Watu Wanaokuzunguka

Mtu anayeambiwa leo, katika zahanati au hospitali ya Tanzania, kwamba ana maambukizi ya VVU hakabiliwi na hali iliyowakabili wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati ule dawa haikuwapo, na hata ilipokuja kupatikana, wengi walilazimika kusubiri kinga ya mwili ishuke ndipo waanzishiwe. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni kupima na kutibu: anayekutwa na maambukizi huanzishiwa dawa mapema iwezekanavyo, hata kama hana dalili yoyote. Kwa watu wazima walio wengi dawa yenyewe ni kidonge kimoja kwa siku, kinachotolewa bila malipo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima waliokuwa kwenye tiba, takriban asilimia 94 walikuwa wamefubaza virusi, yaani virusi vilikuwa vimepungua sana katika damu yao.

Kwa nini basi bado wapo wanaodhoofika na kufariki wakati dawa ipo? Ninavyoona mimi, mara nyingi tatizo haliko kwenye kidonge, liko kwenye siri inayokizunguka. Kopo limefichwa mahali ambapo hapafikiki mume akiwa nyumbani. Kliniki imechaguliwa wilaya ya pili ili mtu asionekane na majirani, na nauli inapokosekana dawa inakatika. Safari ya msiba imekuja ghafla, na vidonge vimebaki chini ya godoro kwa sababu mashemeji wamejaa chumbani. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinahusu tiba na moyo kwa pamoja, kwa kuwa katika maisha ya kila siku viwili hivyo havitengani. Kwa uamuzi wowote wa kubadili dawa, msikilize mtoa huduma wako, ambaye ana faili lako mkononi.

Hatua ya kwanza: Siku ya majibu na wiki zinazofuata

Hakikisha kwanza kwamba majibu yamethibitishwa. Ikiwa ulijipima mwenyewe nyumbani kwa kipimo cha mate, jibu hilo si la mwisho. Nenda kituoni upimwe kwa utaratibu kamili, ambao hutumia zaidi ya kipimo kimoja. Ukitaka kurudia kipimo kabla ya kuanza dawa, hilo ni jambo la kawaida na hakuna wa kukulaumu. Lakini ukishaanza dawa, usizunguke hospitali moja hadi nyingine ukitafuta jibu tofauti, kwa sababu dawa zinaweza kuathiri vipimo hivyo na kukupa jibu la kupotosha ambalo litakufanya uache tiba.

Hofu, hasira, aibu na hata ganzi, ile hali ya kuhisi kwamba jambo hili linamtokea mtu mwingine, vyote vinaweza kuja kwa siku moja. Viache vipite, ila katika kipindi hicho usifanye uamuzi mkubwa: usiache kazi, usivunje ndoa, usiuze kiwanja, wala usimtangazie kila mtu. Usiingie pia katika uchunguzi wa nani aliyemletea mwenzake. Kipimo hakionyeshi virusi viliingia lini wala vilitoka kwa nani, na aliyepimwa wa kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa wa kwanza. Nasisitiza jambo hili kwa ajili ya wanawake, ambao wengi wao hupimwa kliniki ya wajawazito kabla ya waume zao kupimwa, kisha wakabebeshwa lawama kwa sababu tu wao ndio waliofika kituoni mapema.

Likikujia wazo la kujidhuru, usilale nalo. Mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo, au rudi kituoni ulikopimwa na useme waziwazi kwamba unafikiria kujiua. Nesi au mshauri nasaha ataelewa uzito wa maneno hayo. Ukisema tu kwamba hujisikii vizuri, huenda ukapewa dawa ya kichwa na kurudishwa nyumbani.

Hatua ya pili: Kufungua faili CTC

Tiba hutolewa katika kituo cha tiba na matunzo, ambacho wengi wetu tunakiita CTC. Hapo utapewa namba na kadi yako. Suala la kwanza ni kituo kipi. Wengi huchagua cha mbali, na ninaielewa sababu yao, lakini piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, uongeze siku ya kazi itakayopotea, kisha ujiulize kama utaimudu hata mwezi wa ada za shule. Kama jibu ni hapana, kituo cha karibu ni bora, na unaweza kuuliza siku au saa ambazo msongamano ni mdogo. Ukishatulia kwenye tiba, unaweza kupangiwa kuchukua dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja, jambo linalopunguza safari na macho ya watu kwa pamoja.

Siku ya kufungua faili, taja kila dawa unayotumia, zikiwamo za kisukari, za kifafa na za mitishamba. Sema ukweli kama unakohoa, unatoka jasho usiku, unapungua uzito au unapata homa, kwa sababu kifua kikuu ndicho ugonjwa nyemelezi, yaani unaomvamia mtu kinga yake inaposhuka, unaoua watu wengi zaidi wenye VVU, na hutibika kikigunduliwa mapema. Kama huna kifua kikuu, utapewa dawa za kukikinga. Zimeze hadi mwisho hata kama unajiona mzima.

Toa namba ya simu unayoitumia kweli. Wengine hutoa namba ya uongo wakihofia kupigiwa mbele za watu, na siku dawa inapobadilika au majibu yanapokuwa mabaya hawapatikani. Kinachosaidia ni kukubaliana na nesi mapema: apige saa ngapi, ajitambulishe kwa jina gani, na aseme nini ikiwa simu imepokelewa na mtu mwingine. Ombi hilo ni haki yako.

Hatua ya tatu: Kidonge, saa na kopo

Watu wazima wengi sasa wanatumia TLD, kidonge chenye dawa tatu ambazo majina yake yameandikwa kwenye kopo: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Chagua saa inayoendana na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, kama vile kupiga mswaki asubuhi. Unaweza kukimeza kabla au baada ya kula, kwa hiyo kukosa chakula kusiwe sababu ya kuruka dozi. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Lakini kama zimebaki saa chache tu kufikia dozi inayofuata, subiri hiyo, na usimeze viwili kufidia. Anayefunga Ramadhani anaweza kuzungumza na kituo chake ili ameze wakati wa futari au daku, kwa kuwa kidonge cha mara moja kwa siku kinaingia vizuri katika ratiba hiyo.

Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huzuia dolutegravir isifyonzwe vizuri mwilini. Meza kidonge chako saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito hupewa, pamoja na vya kalsiamu, vina athari hiyohiyo, ingawa hivi unaweza kuvimeza pamoja na TLD ikiwa unakula chakula wakati huohuo. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, kwa kawaida utaongezewa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baada ya kile cha kawaida, na anayetumia metformin kwa ajili ya kisukari huenda akapunguziwa kiwango. Kwa hiyo kila unapokwenda duka la dawa, eleza unatumia nini. Na kama hutaki kulisema mbele ya foleni, mwonyeshe mfamasia jina la dawa kwenye simu.

Katika wiki za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kuumwa kichwa au kukosa usingizi. Mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe, na kama tatizo ni usingizi, kuhamishia dozi asubuhi husaidia. Rudi kituoni haraka ukipata vipele vinavyoambatana na homa, macho ya njano, au kiu kali na kukojoa mara kwa mara, ambavyo vinaweza kuwa dalili za sukari kupanda. Usiache dawa nyumbani kwa uamuzi wako mwenyewe. Kwa mwenye homa ya ini aina ya B, kuacha ghafla kunaweza kuuamsha ugonjwa wa ini, kwa sababu dawa mbili kati ya zile tatu ndizo zinazoutuliza.

Sasa tuje kwenye kopo. Mtu aliyewahi kupanda daladala akiwa na kopo jipya kwenye mkoba anaijua sauti yake: kila breki vidonge vinagonga plastiki, na anahisi kama gari zima limegeuka kumtazama. Ndiyo maana wengi hubandua karatasi ya maelezo, au humimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni na kulitupa kopo. Kuvimimina kwenye nailoni ni hatari, kwa kuwa ndani ya kopo kuna kipakiti kidogo cha kufyonza unyevunyevu, na vidonge vikikaa nje muda mrefu kwenye joto na unyevu huharibika. Lililo afadhali ni kujaza pamba safi na kavu juu ya vidonge ndani ya kopo lenyewe, ukakiacha kile kipakiti mahali pake. Sauti itapungua, na dawa itabaki ndani ya kopo lake. Tenga pia vidonge vya siku chache katika kichupa kidogo kikavu chenye mfuniko, ukiweke kwenye mkoba unaotoka nao kila siku, na uvibadilishe mara kwa mara kwa vipya kutoka kwenye kopo. Hicho ndicho kitakachokuokoa msiba unapotokea usiku, gari linapoharibika njiani, au mvua inapokata barabara.

Pombe inahitaji kuzungumziwa kwa ukweli. Kunywa kupita kiasi kunaumiza ini na kunasahaulisha dozi, na kupunguza au kuacha ni jambo jema. Hata hivyo, wapo wanaoruka kidonge kwa makusudi kila wanapokunywa, wakiamini kwamba dawa na bia vikikutana vitawaua. Kidonge kilichorukwa kila wikendi kina madhara makubwa kuliko wanavyodhani. Kimeze kama kawaida, halafu tatizo la pombe ulizungumze kliniki.

Vivyo hivyo kuhusu tiba za imani. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemekana kutibu magonjwa mengi, na miongoni mwa waliokunywa wapo walioacha dawa za VVU. Hadi leo mtu anaweza kuombewa kanisani, akasomewa dua, akapata nguvu ya moyo ambayo hospitali haiwezi kumpa, na ninamtia moyo afanye hivyo. Ila anayekuamuru utupe dawa ili kuonyesha imani anayahatarisha maisha yako, hata kama anakupenda kwa dhati.

Hatua ya nne: Nani aambiwe, na kwa maneno gani

Hapa ndipo panapohitaji muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka anayejua hali yake amjulishe mwenzi wake bila kuchelewa, na sheria hiyohiyo inawabana watoa huduma watunze siri ya majibu. Nje ya mwenzi wako wa ndoa au wa kimapenzi, hakuna ndugu, mwajiri, mwenye nyumba wala kiongozi wa dini mwenye haki ya kudai kuambiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya VVU.

Andika kwanza, hata kama utaichoma karatasi baadaye, majina ya watu wanaokuzunguka. Pembeni ya kila jina jibu maswali haya: amewahi kutunza siri ya mtu mwingine? Anaweza kunikumbusha dawa au kunichukulia nikiumwa? Nikigombana naye, atanitangaza? Anayejibika vizuri katika yote ndiye wa kumwambia kwanza, na mara nyingi anakuwa mtu usiyemtarajia: shangazi wa makamo, rafiki wa kazini, au mdogo wako wa mwisho. Mtu mmoja anatosha kuanzia. Huyo ndiye utakayemwandikisha CTC kama msaidizi wako wa tiba.

Kumwambia mwenzi ni kugumu kuliko kote, na njia iliyo nyepesi ni kupitia kipimo. Unaweza kusema, "Baba Asha, nimekwenda kupima, na daktari ameomba twende sote wawili," kisha mshauri nasaha akayaeleza majibu mkiwa wote mbele yake. Mnaweza kukuta mmoja ana maambukizi na mwenzake hana. Hali hiyo ipo sana na haimaanishi kwamba kipimo kimekosea au kwamba kuna uchawi. Asiye na maambukizi anaweza kutumia kondomu na dawa kinga, yaani PrEP, hadi mwenzake atakapofubaza virusi. Kama unaishi na mtu anayekupiga au unahofia kufukuzwa, usimwambie mkiwa peke yenu. Mweleze mshauri nasaha hofu hiyo kwanza, ili mpange namna na mahali salama pa kulifanya jambo hilo.

Mtoto anayemeza dawa asidanganywe kwamba ni vitamini hadi anapobalehe, kwani atakuja kuujua ukweli kwa njia mbaya. Aanze kuelezwa kidogokidogo anapokuwa na umri wa kwenda shule, kwamba ndani ya damu yake kuna mdudu aliyelala na kidonge kinamzuia asiamke. Jina la ugonjwa litafuata kadiri anavyokua, kwa msaada wa watoa huduma.

Hatua ya tano: Kuyasoma majibu ya wingi wa virusi

Kwa kawaida kipimo cha wingi wa virusi hufanyika miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha mwezi wa 12, halafu kila mwaka kwa aliyetulia. Majibu huhesabiwa kwa nakala za virusi katika mililita moja ya damu. Yakiwa juu ya 1,000, maana yake virusi havijafubazwa: ama dozi zinarukwa, ama dawa imeingiliwa na nyingine, ama usugu umeanza, yaani virusi vimezoea dawa na haiviwezi tena. Utaitwa kwa ushauri wa kina na kupimwa tena baada ya miezi michache. Katika mazungumzo hayo taja idadi halisi ya dozi ulizokosa, kwa sababu ukidai hukukosa hata moja, unaweza kubadilishiwa dawa wakati tatizo lilikuwa nauli.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza bayana kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na anayeendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Majibu yakiwa chini ya 1,000 lakini virusi bado vinaonekana, uwezekano wa kuambukiza ni mdogo sana. Taarifa hii wengi wameisikia kwa juujuu tu, ilhali ndiyo inayoweza kumrudishia mtu ndoa yake. Omba uandikiwe majibu yako, uyajue kwa tarakimu. Kwa mama anayenyonyesha, dawa hupunguza sana hatari lakini haiiondoi kabisa, hivyo mtoto bado anahitaji dawa zake za kinga tangu kuzaliwa na vipimo vyake vinavyoanza kati ya wiki ya 4 na ya 6.

Hatua ya sita: Moyo unapoelemewa

Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Ikizidi wiki mbili, ukawa hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakina ladha, yale uliyoyapenda hayakuvuti tena na unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika. Iseme kliniki kama unavyosema kikohozi. Kama hakuna mtaalamu kituoni, omba rufaa ya idara ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Kujinyanyapaa ni kugumu zaidi kukitambua, kwa kuwa hujificha ndani ya tabia zinazoonekana kuwa za heshima. Mtu anaanza kutenga kikombe na sahani yake mwenyewe bila kuambiwa, anaacha kubeba watoto wa ndugu, anakataa uongozi wa kikundi, anajizuia kuoa au kuzaa. VVU haviambukizwi kwa sahani, kwa choo wala kwa kumbeba mtoto. Chukua tabia moja kati ya hizo na uivunje wiki hii: rudisha sahani yako kabatini pamoja na nyingine.

Dawa nyingine nzuri kwa hali hii ni kukutana na watu wanaoishi na VVU waliotangulia. Wengi wa waelimishaji rika mnaokutana nao CTC wana maambukizi wenyewe, na katika wilaya nyingi kuna konga, mitandao iliyo chini ya Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU. Kumwona bibi aliyeanza dawa miaka mingi iliyopita akija kliniki na mjukuu mgongoni kunamsaidia mgeni kwa namna ambayo kipeperushi hakiwezi.

Hatua ya saba: Magonjwa mengine

Kadiri unavyoishi ndivyo unavyohitaji kupimwa mambo ya kawaida: shinikizo la damu, sukari, uzito na figo. Usiizoee diklofenaki ya maumivu ya mgongo kwa wiki nyingi bila kuuliza, kwa kuwa ikichanganyika na tenofovir inaweza kuumiza figo. Mwanamke mwenye VVU yuko katika hatari ya saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita zaidi ya asiye na maambukizi, kwa hiyo aombe uchunguzi huo kila unapofika wakati wake hata kama hajakumbushwa.

Hatua ya nane: Ukiwa uliacha dawa

Amri ya Marekani ya Januari 2025 ya kusitisha misaada yake kwa nchi nyingine, ikiwamo ya huduma za VVU, ilizua hofu kubwa, na hofu ya namna hiyo humfanya mtu apunguze dozi ili dawa zikae muda mrefu. Usifanye hivyo, kumeza siku moja na kuruka inayofuata hujenga usugu. Kama una wasiwasi na upatikanaji, uliza kituoni kabla akiba yako haijaisha.

Na kama tayari ulishaacha, kwa wiki au kwa miaka, rudi. Ukiona aibu kurudi kituo kilekile, nenda kingine na useme kwamba uliwahi kusajiliwa, ukitaja namba yako ya zamani kama unaikumbuka. Eleza uliacha lini na kwa sababu gani, na usijifanye mgonjwa mpya, kwani historia ya dawa ulizotumia ndiyo inayomwongoza daktari. Watapima CD4, yaani chembe za damu zinazoonyesha nguvu ya kinga, na zikiwa chini ya 200 watachunguza kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi kabla ya kukurudishia dawa, na uchunguzi huo unaweza kuchelewesha kidogo kuanza. Wengi hurudishiwa TLD ileile, wakapimwa wingi wa virusi baada ya miezi michache. Maumivu makali ya kichwa, kukakamaa shingo, homa au kikohozi kinachoongezeka katika wiki za mwanzo baada ya kurudi kwenye dawa yanahitaji hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.